Ukiogopa Kiti cha Daktari wa Meno: Mwongozo Kamili wa Kutulizwa, Kuanzia Ganzi Hadi Nusukaputi

Mgonjwa anayesema "daktari, nilaze tu" huwa anamaanisha moja kati ya mambo mawili. Ama anaogopa maumivu, ama anaogopa kitendo chenyewe: mlio wa mashine ya kuchonga, harufu ya chumba, koleo, mikono ya mtu mdomoni. Wa kwanza anahitaji ganzi iliyoshika sawasawa. Wa pili ndiye anayehitaji dawa ya kutuliza. Ukimpa wa kwanza dawa ya wa pili, unapata mtu mwenye usingizi anayepiga kelele za maumivu, na hakuna kazi ngumu kuliko hiyo.

Tutenganishe maneno kabla ya kwenda mbali. Ganzi huzima maumivu sehemu moja huku akili ikiwa macho. Kutulizwa ni kupewa dawa inayoshusha woga: mtu anaitika akiitwa, anafungua mdomo akiambiwa, anapumua mwenyewe. Nusukaputi ni kulazwa kabisa. Mtu haitiki hata akifinywa, na pumzi yake iko mikononi mwa mtaalamu wa usingizi. Isiyoeleweka ni hiyo ya katikati. Kutulizwa hakuondoi maumivu, kwa hiyo sindano ya ganzi iko palepale, ila unachomwa ukiwa huijali.

Viwango vya dawa vilivyoandikwa humu ni vya kukusaidia kuelewa unachofanyiwa na kuuliza maswali ya maana. Si vya kwenda navyo dukani.

Woga hupimwa

Kuna kipimo cha maswali matano kinachotumika nchi nyingi, na hakihitaji kifaa zaidi ya karatasi. Kila swali hupewa alama kuanzia 1 (sina wasiwasi) hadi 5 (naogopa kupita kiasi). Ungejisikiaje:

1. kama kesho una miadi ya kutibiwa jino?
2. ukiwa kwenye benchi unasubiri kuitwa?
3. jino likiwa linakaribia kuchongwa?
4. meno yakiwa yanakaribia kukwanguliwa ugaga na kusuguliwa?
5. ukiwa unakaribia kuchomwa sindano ya ganzi kwenye fizi, juu ya gego la nyuma?

Jumla huwa kati ya 5 na 25. Aliyefika 19 au zaidi ana woga mkubwa, na ni haki yake kuzungumziwa habari ya kutulizwa. Lakini jumla peke yake haitoshi; tazama ni swali lipi limebeba uzito. Mwenye 5 kwenye swali la tano tu anaogopa sindano, na mara nyingi jeli ya ganzi na mkono usio na haraka vinamtosha. Mwenye 5 kwenye la kwanza ataugulia kitandani usiku kucha, afike asubuhi amechoka na presha iko juu. Huyo anahitaji msaada unaoanza tangu usiku.

Jaza karatasi hiyo nyumbani, uende nayo. Aibu ya kusema "naogopa" mbele ya daktari huwafanya watu wazima wengi, wanaume hasa, wanyamaze hadi wanapoushika mkono wake katikati ya kazi.

Ganzi iliyoshika kwanza

Sehemu kubwa ya woga wa watu wazima ilianza siku jino liliponing'inizwa kwenye koleo kabla ganzi haijakolea. Ndiyo maana tunakaa hapa kidogo. Ukipata ganzi nzuri, huenda usihitaji kusoma sehemu zinazofuata.

Dawa ya kawaida ni lidokeini (lignokeini ni hiyohiyo) ya asilimia 2 yenye adrenalini. Huja kwenye kichupa chembamba cha kioo kiitwacho katriji. Asilimia 2 maana yake miligramu 20 kwa kila mililita, kwa hiyo katriji ya mililita 1.8 ina miligramu 36. Shika namba hiyo, itarudi kwenye habari ya watoto.

Sindano isiyoumiza hufanywa hivi. Fizi inakaushwa kwa gozi, kwa sababu jeli haishiki juu ya mate. Jeli ya lidokeini ya asilimia 5 au benzokeini ya asilimia 20 inapakwa kwa kijiti cha pamba na kuachwa dakika 2 za saa, siyo za kukisia. Wengi huisubiri sekunde 15, kisha husema jeli haifanyi kazi. Shavu linavutwa likakamae, ncha inaingia, matone machache yanatangulia, daktari anavuta nyuma kuhakikisha hajaingia kwenye mshipa wa damu, ndipo anasukuma polepole. Katriji nzima isimalizike chini ya dakika 1, na dakika 2 ni bora zaidi. Maumivu mengi ya sindano ya meno hayatoki kwenye ncha, yanatoka kwa dawa kusukumwa upesi kuliko nyama inavyoweza kuipokea.

Kisha kusubiri. Meno ya juu huhitaji dakika 3 hadi 5. Magego ya chini, ambayo ganzi yake huwekwa nyuma kabisa ya taya, huhitaji 5 hadi 10, pengine zaidi. Utahisi mdomo wa chini umekuwa mzito kama umevimba, na ukigusa kidevu ni kama unagusa cha mtu mwingine. Hapo ndipo kosa kubwa linapofanyika: mdomo kulala si ushahidi kwamba jino limelala. Jino ambalo mshipa wake wa ndani umewaka, lile linalouma usiku na kupiga kama moyo, linaweza kubaki macho wakati mdomo wote umekufa. Omba lijaribiwe kwanza. Pamba yenye ubaridi ikiguswa kwenye jino na ukashtuka, daktari ataongeza ganzi pembeni ya jino lenyewe, au artikeini (aina nyingine ya ganzi) upande wa shavu, kabla ya kushika mashine.

Kwenye jipu mambo ni magumu zaidi. Usaha huifanya nyama kuwa na tindikali, na ndani ya tindikali ni sehemu ndogo tu ya dawa inayoweza kupenya hadi kwenye neva. Kuongeza katriji juu ya katriji palepale hakusaidii. Njia ni kuweka ganzi mbali na jipu, kwenye shina la neva, au kutoa usaha kwanza na kurudi baadaye. Uvimbe ukiwa umeshuka shingoni, ukishindwa kumeza mate au kufungua mdomo, hiyo si habari ya woga tena. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Jambo moja dogo linalowatisha wengi: dakika moja hivi baada ya sindano, moyo unaweza kudunda kwa nguvu na mikono ikatetemeka. Ni adrenalini, na hupita baada ya dakika chache. Watu huiandika kuwa mzio na kuikataa ganzi maisha yao yote. Mzio wa kweli wa lidokeini ni nadra sana.

Mambo ya kumwambia daktari bila kuficha

Dawa zote za kutuliza hupunguza pumzi kwa kiasi fulani. Kwa hiyo maswali ya afya yanaelekea huko. Taja presha, sukari, pumu, kifafa, ini, figo. Taja siko seli kabla ya kitu kingine chochote, kwani kupungukiwa oksijeni kidogo tu kunaweza kuanzisha maumivu makali ya mwili mzima. Taja kama unakoroma na watu wa nyumbani wameona pumzi ikikatika usingizini. Mtu huyo, hasa akiwa mnene na shingo nene, hatulizwi kwa sindano kwenye kliniki ndogo. Taja mimba, hata kama bado ni ya kudhania.

Kisha dawa unazotumia, na hapa kuna mambo yanayohusu watu wengi huku kwetu Dodoma:

ARV. Dawa zenye ritonaviri, kama zile za mstari wa pili zenye atazanaviri au lopinaviri, huzuia ini kuivunja midazolamu, dawa ya kutuliza tutakayoifikia mbele. Kipimo cha kawaida kinageuka kuwa kikubwa mno, na ya kunywa haitolewi kabisa kwa mtu huyo. Kidonge cha TLD chenye dolutegraviri hakina ugomvi huo. Daktari wa meno hawezi kubahatisha unatumia ipi, kwa hiyo mwoneshe kadi au chupa.

Dawa za kifua kikuu. Rifampisini hufanya kinyume chake. Huharakisha ini, na midazolamu inakuwa kama maji.

Antibiotiki za klarithromisini na erithromisini, na dawa za fangasi flukonazo na ketokonazo, nazo huongeza nguvu ya midazolamu. Tramadoli (dawa kali ya maumivu), dawa za usingizi na pombe huongezea kwenye kushusha pumzi. Na kama unakunywa kila siku, sema. Mnywaji wa kila siku huhitaji kipimo tofauti, na kunywa glasi mbili za mvinyo wa zabibu "za kujipa moyo" kabla ya kupanda kiti ndiyo njia ya uhakika ya kurudishwa nyumbani bila kutibiwa. Dodoma mvinyo uko karibu, tunalielewa jaribu hilo.

Gesi

Naitrasi oksaidi huvutwa puani ikiwa imechanganywa na oksijeni. Ni kongwe: mwaka 1844 daktari wa meno Horace Wells wa Hartford, Marekani, aling'olewa jino lake mwenyewe baada ya kuivuta. Haipo kila kliniki, na mahali pengi utaambiwa hakuna. Ikiwepo, ndiyo nyepesi kuliko zote, kwa sababu huingia kwa dakika chache na kutoka kwa dakika chache.

Utawekewa kinyago kidogo juu ya pua tu. Kwanza unapewa oksijeni tupu, lita 5 au 6 kwa dakika kwa mtu mzima. Kisha gesi inaongezwa kwa asilimia 10, dakika moja, 10 tena, halafu kwa tano tano. Wengi hutulia kati ya asilimia 30 na 50. Utahisi vidole vikiwasha kama mguu uliokaliwa, mwili ukiwa mwepesi, sauti zikitoka mbali. Ukianza kujisikia kichefuchefu, jasho, au chumba kinazunguka, gesi imezidi. Inua mkono, itapunguzwa, na ndani ya dakika utakuwa sawa. Mwishoni ni oksijeni tupu dakika 3 hadi 5. Mashine nzuri haikubali kushusha oksijeni chini ya asilimia 30 hata mtu akiilazimisha, na ina bomba la kunyonya gesi unayoitoa ili isijae chumbani.

Gesi hushindwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kupumua kwa mdomo. Ya pili ni pua iliyoziba, na katika Juni na Julai, upepo na vumbi la Dodoma vikiwa kazini, hiyo huwapata watu wengi. Mwenye mafua aahirishe. Pia haitolewi kwa mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza, mwenye ugonjwa mkubwa wa mapafu, aliyepasuliwa jicho karibuni na kuwekewa gesi ndani, wala mwenye upungufu wa vitamini B12.

Kidonge

Kinachoandikwa zaidi kwa watu wazima ni diazepamu, ile wengi waijuayo kwa jina la Valium. Utaratibu wa kawaida ni miligramu 5 usiku wa kuamkia miadi, na 5 hadi 10 saa 1 kabla ya kukaa kitini. Mzee hupewa nusu au pungufu.

Udhaifu wa kidonge ni kwamba kikishamezwa hakirudi, na hakuna anayejua kitamkamata mtu kwa kiasi gani. Mmoja atasinzia kwa miligramu 5, mwingine atakuja na 10 akiwa macho kama bundi. Kosa la kawaida ni kuongeza cha pili nyumbani kwa sababu "bado sijaskia kitu". Kinakuja kushika vyote viwili kwa pamoja ukiwa barabarani. Diazepamu pia hukaa mno mwilini, siku moja hadi mbili ndipo ipungue nusu, kwa hiyo kesho yake bado unayo. Na ikumbukwe kwamba safari inaanza mara tu ulipomeza, si ulipofika kliniki. Msindikizaji anahitajika wakati wa kwenda pia.

Kununua diazepamu bila cheti, au kuazima ya mgonjwa wa kifafa nyumbani, kunamnyima daktari habari anayoihitaji zaidi. Ukishafanya hivyo, angalau mwambie.

Dawa ya mshipani

Hii ni midazolamu, na ndiyo njia bora ya kumtuliza mtu mzima mwenye woga mkubwa, ikiwa mahali penyewe pamekamilika. Ubora wake ni kwamba inatolewa kidogo kidogo hadi pale unapotosheka, na huacha kumbukumbu pungufu. Wengi huamka wakiuliza "mnaanza saa ngapi?"

Kabla ya kukubali, uliza maswali haya kwa simu, na jibu la kusitasita lihesabu kuwa hapana:

Nani anatoa dawa, na nani anafanya kazi ya jino? Mtu mmoja asifanye yote mawili bila msaidizi aliyefunzwa, ambaye kazi yake ni kukutazama wewe tu. Kuna kipimo cha oksijeni cha kidoleni? Mtungi wa oksijeni upo na umejaa? Uliza mtungi hasa, kwa sababu mashine ya kuzalisha oksijeni huzimika umeme ukikatika, na mashine ya kufyonza mate nayo ni hivyohivyo, uliza jenereta. Mfuko wa kusukumia pumzi upo? Flumazenili, dawa inayozima midazolamu, ipo na haijaisha muda?

Kazi yenyewe huenda hivi:

1. Presha, mapigo na oksijeni hupimwa kabla ya dawa. Dodoma iko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari. Si kimo cha kubadili hesabu, na mtu mwenye afya aanze na oksijeni ya asilimia 95 au zaidi. Piko na rangi ya kucha huvuruga kipimo. Kama ulipakwa kwa harusi, kifaa kiwekwe kwenye kidole cha mguu au ncha ya sikio.

2. Kanula, kijibomba chembamba cha mshipani, huwekwa mgongoni mwa kiganja na kubaki hapo hadi mwisho. Asiyependa sindano apakwe jeli ya ganzi kwenye ngozi mapema.

3. Midazolamu huvutwa na bomba la sindano kuandikwa jina na kipimo. Hapa ndipo ajali kubwa hutokea. Kuna ampuli (kichupa cha dawa ya sindano) ya miligramu 5 ndani ya mililita 5, na kuna ya miligramu 15 ndani ya mililita 3. Ya pili ni nzito mara tano kwa kila mililita. Anayedhani ameshika ya kwanza kumbe ni ya pili, akisukuma mililita 1 ametoa miligramu 5 kwa mkupuo. Watu wawili wasome ampuli kwa sauti.

4. Mtu mzima mwenye afya hupewa miligramu 1 polepole, kisha dakika 2 kamili za kusubiri. Halafu nusu au moja tena, kusubiri tena. Mzee huanza na nusu miligramu, na kusubiri kwake ni kurefu zaidi, kwani damu yake huzunguka taratibu. Wengi hutosheka kati ya miligramu 2 na 5.

5. Daktari haangalii saa tu, anaangalia uso. Kope zinashuka hadi katikati ya mboni na kubaki hapo. Maneno yanaburuzika. Ukiitwa "Mama Neema," jibu "abee" linakuja baada ya sekunde mbili tatu badala ya papo hapo. Hapo inatosha. Asiyeitika kabisa amepita mahali palipokusudiwa.

6. Sasa ndipo ganzi inachomwa, kwa utaratibu uleule wa juu. Muda mzuri wa kazi ni dakika 30 hadi 45, kwa hiyo linaloogopwa zaidi lifanywe mwanzo, na kusafisha kuje mwisho.

7. Oksijeni na mapigo hutazamwa muda wote, presha hurudiwa na kuandikwa.

Chumbani wawepo watu watatu daima: mgonjwa, daktari na msaidizi. Midazolamu wakati mwingine huleta ndoto zinazoonekana kama kweli, zikiwemo za kuguswa mwili. Mtu wa tatu anamlinda mgonjwa na anamlinda daktari.

Mambo yakienda kombo

Tatizo la kweli ni pumzi. Mengine mengi ni usumbufu. Kipimo cha oksijeni kikishuka chini ya asilimia 94, kazi inasimama na mgonjwa anaambiwa kwa sauti, "Vuta pumzi ndefu." Mara nyingi hilo pekee linatosha, maana tatizo ni kwamba alisahau kupumua. Isipopanda, kila kilicho mdomoni kinatolewa, kichwa kinalazwa nyuma, kidevu kinainuliwa, oksijeni inawekwa. Mkoromo wa ghafla ni ulimi uliodondoka nyuma. Kuinua kidevu hukata mkoromo huo mara moja. Asipoitika, anapumuliwa kwa mfuko na flumazenili inatolewa: miligramu 0.2 kwa sekunde 15, kisha 0.1 kila dakika hadi aamke, isizidi jumla ya 1.

Flumazenili huisha upesi kuliko midazolamu. Mgonjwa anaamka, anaongea, ndugu wanafurahi, na baada ya saa moja anasinzia tena akiwa ndani ya bajaji. Aliyepewa flumazenili haruhusiwi haraka. Akae chini ya macho saa 2 nyingine angalau.

Wachache hugeuka: badala ya kutulia wanakuwa wakali, wanalia, wanavua kinyago. Kuwaongezea dawa hufanya hali iwe mbaya zaidi. Kazi iahirishwe.

Watoto

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa. Kwanza jaribu njia isiyo na dawa: mwambie kwa maneno yake, mwoneshe kifaa kwenye ukucha wake, ndipo umfanyie. Mzazi asimwahidi "hutachomwa." Aseme "utahisi kama umefinywa kidogo," na aishie hapo. Anayemtishia mtoto nyumbani kwa sindano ya daktari anaandaa mgonjwa wa miaka thelathini ijayo.

Midazolamu ya kunywa hupimwa kwa kilo, kwa kawaida miligramu 0.5 kwa kilo, ikiwa na kikomo ambacho daktari hatakipita. Ni chungu sana, hivyo huchanganywa na sharubati kidogo, na hushika ndani ya dakika 15 hadi 30. Inywewe palepale kliniki, kamwe si nyumbani wala ndani ya daladala.

Hesabu ya ganzi ndiyo inayosahaulika. Kwa mtoto, kikomo salama cha lidokeini ni miligramu 4.4 kwa kilo. Mtoto wa kilo 16: 16 × 4.4 ni 70.4. Katriji mbili ni miligramu 72. Maana yake katriji mbili kamili tayari zimevuka mpaka, na mtoto aliyetulizwa hawezi kusema kwamba masikio yanavuma au ulimi una ladha ya chuma. Kwa hiyo meno ya pande nne za mdomo hayang'olewi siku moja kwa njia hii. Mtoto apimwe kwa mzani siku hiyohiyo, siyo kwa kuulizwa mama.

Mwenye meno mengi mabovu, mtoto wa miaka miwili mitatu, au mwenye ulemavu unaomzuia kushirikiana, njia yake ni nusukaputi hospitalini, ambapo kazi yote humalizwa mara moja. Kwa Dodoma hiyo ni kazi ya hospitali zenye chumba cha upasuaji na mtaalamu wa usingizi, kama Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa. Anza kliniki ya karibu upate rufaa, na uliza bima inagharamia nini kabla ya kupanga tarehe. Ketamini nayo hutumika sana kwa watoto mahospitalini. Ni dawa nzuri, lakini huongeza mate na inaweza kuyafunga makoromeo ghafla, tena kazi yenyewe iko mdomoni. Kwa hiyo mahali pake ni kwa mtaalamu wa usingizi, siyo kliniki ya kawaida.

Siku yenyewe

Kwa dawa ya mshipani au nusukaputi: chakula kikome saa 6 kabla, maji matupu au chai ya rangi vikome saa 2 kabla. Uji ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula. Kwa miadi ya saa 3 asubuhi, mlo wa mwisho uwe kabla ya saa 9 usiku, maana yake ule jioni ulale. Mwenye sukari aombe nafasi ya kwanza na aulize kuhusu dawa zake za asubuhi. Dawa za presha kwa kawaida huendelea kumezwa, na maji kidogo. Katika Ramadhani, ongea na daktari mapema. Tumbo tupu si tatizo, ila mwili uliokauka hufanya mshipa kuwa mgumu kupatikana.

Vaa mikono mifupi, viatu vya kawaida. Msindikizaji awe mtu mzima asiye na mtoto mgongoni, akae hapohapo, asiende sokoni Majengo akarudi.

Baada ya dozi ya mwisho ya midazolamu, ni saa 1 ya kukaa, isipungue. Utaruhusiwa ukitembea bila kuyumba, ukiongea vizuri, presha ikiwa imerudi na damu imesimama. Bodaboda hapana, hata ukijisikia mzima. Aliyetulizwa hujiona mzima kuliko alivyo, na hajishikilii kwenye tuta. Bajaji au teksi, msindikizaji akiwa pembeni yako.

Aliyetoka Kondoa, Mpwapwa au Manyoni asipande basi jioni ile. Panga kulala kwa ndugu mjini, na nafasi ya miadi iwe asubuhi, si mchana.

Kwa saa 24 usiendeshe, usikaange kitu kwenye mafuta ya moto, usisaini chochote. Simu akae nayo msindikizaji. Midazolamu hufuta kumbukumbu za saa kadhaa, na watu wametuma pesa kwa simu wasikumbuke kwa nani. Mama anyonyeshaye aulize muda wa kurudia kunyonyesha, na usiku huo asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga.

Ganzi itabaki mdomoni saa kadhaa baada ya usingizi kutoka. Mtoto atatafuna mdomo wake akidhani ni bigijii, na kesho utaamka na uvimbe mweupe unaotisha. Mkalie karibu, mpe maji na uji wa vuguvugu tu hadi ganzi iishe. Kwa maumivu tumia parasetamoli, na usichanganye na tramadoli usiku huo.

Kabla ya kutoka mlangoni, omba waandike kwenye daftari lako: dawa gani, miligramu ngapi, ilishika baada ya dakika ngapi, katriji ngapi za ganzi na aina gani, na kama oksijeni ilishuka. Ukirudi mwaka ujao kwa jino jingine, au ukahamia Singida, daktari mpya ataanzia pale wa kwanza alipoishia.